Vumbi la Kikombe cha Sebald

Sura ya Sita

Damu ilikuwa imekauka palepale ilipomwagika, lakini sakafu iliyoizunguka ilikuwa safi.

Linhart Haubner, mpelelezi wa Baraza la Mji wa Nuremberg, alisimama kizingitini mwa karakana ya Fundi Wolf Kestner akalitazama jambo hilo kwa muda mrefu kabla ya kuinua mguu. Juzi jioni, katika chumba hiki, Sebald Rösch, mfua fedha wa miaka ishirini na saba, alipigwa nyundo kisogoni akiwa ameinamia kazi yake. Kikombe cha fedha alichokuwa akikitengeneza kwa ajili ya mtihani wa ufundi kilitoweka. Jana adhuhuri kilipatikana chini ya magunia katika banda la Ulz Dorn, mchukuzi wa makaa, ambaye majirani wawili walimwona akitokea mlango wa nyuma wa karakana jioni ileile.

Kwa hiyo Ulz alikuwa amefungwa shimoni, chini ya jumba la Baraza. Mahakimu wa shimo walikuwa wamempa Linhart muda hadi kengele ya adhuhuri. Asipoleta jina jingine, Ulz angefungwa mikono kwa nyuma na kuvutwa juu kwa kamba mpaka akiri. Na mwuaji aliyeua ili aibe, katika mji huu, alivunjwa mifupa kwa gurudumu mbele ya watu.

"Kunz," Linhart alimwita askari wa mlangoni, "nani ameingia humu tangu jana asubuhi?"

"Waliobeba maiti tu, bwana. Niliwaonyesha pa kukanyaga. Baada ya hapo nimekaa hapa kama mbwa wa mchinja nyama, ila mbwa wa mchinja nyama hutupiwa mfupa."

"Nani amefagia?"

"Afagie nini? Damu si hiyo hapo unaiona?"

"Damu naiona. Nauliza kuhusu sakafu."

Kunz alikuna shingo. Linhart akageuka, akamwashiria mwanamke aliyekuwa akingoja uani, amejifunga kitambaa cheusi. Huyo alikuwa Bibi Barbara Zeyer, mjane wa mfua fedha, mwenye karakana yake mtaa wa pili. Angeolewa na Sebald mara tu kikombe kile kikikubaliwa, kwa kuwa sheria ya mji haikumruhusu fundi kuoa na kufungua karakana kabla ya kufaulu mtihani.

"Pole, Bibi Barbara. Nisingekuita mahali hapa kama ningeweza kuisoma meza ya sonara mwenyewe."

"Pole zako nimezipokea tangu jana, Bwana Linhart. Zimejaa nyumbani sina pa kuziweka. Niambie unataka nisome nini."

"Kila kitu. Anza popote."

Mjane aliingia akishika pindo la vazi lake lisiguse damu. Hakutazama damu, alitazama meza. Ilikuwa meza nzito ya mti wa mwaloni iliyokatwa nusu duara mahali pa kukaa, na chini ya nusu duara ile ilining'inia ngozi pana kama mfuko, ya kupokea kila punje iangukayo kutoka kwenye tupa. Upande mmoja wa ngozi ulikuwa umechomoka.

"Alikuwa amekaa hapa," alisema. "Alipopigwa aliangukia kushoto, akaivuta ngozi. Misumari miwili imeng'oka, unaiona? Wiki nzima alikuwa akikwaruza kwa tupa yale matumbo ya kikombe. Ungekijua kikombe hicho, Bwana Linhart: ni kama ua lililoinama, tumbo limegawanyika mara sita chini na mara sita juu, na kila mkunjo hupigwa kwa nyundo kutoka ndani mpaka mkono ufe ganzi. Wengi hushindwa mara mbili. Sebald alikuwa ameshashindwa mara moja."

"Endelea na ngozi."

"Ngozi ilikuwa na vumbi la fedha la wiki nzima. Ilipochomoka, vumbi lote lilimwagika hapa." Alionyesha kwa kidole sakafu iliyokuwa safi. "Liko wapi?"

"Mwizi amelichukua."

"Mwizi gani huyo?" Alinyoosha mkono, akaonyesha kibao cha ukutani. Juu yake, bila kifuniko, ilikaa pete ya dhahabu yenye jiwe jekundu. "Ile ni sehemu ya pili ya mtihani. Iko mbele ya macho ya kila aingiaye. Mtu aliyeua kwa tamaa aiache pete ya dhahabu, apige magoti kwenye damu ya mtu akusanye vumbi?"

Linhart aliisogelea damu. Alipiga magoti yeye mwenyewe. Ukingo mmoja wa doa la damu haukuwa wa mviringo kama mwingine. Ulikuwa umevutwa kwa mistari myembamba sana, mingi, iliyosambaa kama mbavu za upepeo, na yote ilielekea mezani. Alipima upana wa mistari kwa vidole vyake. Vidole vitatu.

"Masonara hufagia kwa kitu gani, Bibi Barbara?"

"Kwa mguu wa sungura. Manyoya yake hayabakishi punje."

Wote wawili waliinua macho pamoja. Mguu wa sungura ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wake kando ya meza, mahali pake hasa, kwa kitanzi chake cha uzi. Linhart aliutungua. Manyoya upande wa chini yalikuwa yameshikana, magumu, rangi ya kutu.

"Kunz, njoo utazame hiki, maana utaulizwa. Umekiona?"

"Nimekiona, bwana."

"Wewe ungemwua mtu humu, ungefanya nini baadaye?"

"Mimi? Ningekimbia mpaka Bamberg, na huko nisingesimama hata kunywa bia."

"Usingefagia?"

"Mke wangu amenibembeleza miaka kumi na minane nifagie nyumbani, bwana."

Bibi Barbara hakucheka. "Ulz naye hafagii," alisema. "Amebeba makaa mtaa huu tangu nikiwa msichana. Akiingia kwetu tunamkaripia asikanyage karibu na meza, kwa sababu viatu vyake vinaondoka na fedha yetu. Kwake lile ni vumbi tu. Anayefagia ni mtu ambaye tangu utoto alipigwa makofi kila alipoacha punje chini. Marehemu mume wangu aliporomoka kwa kiharusi akiwa kazini, na mwanafunzi wake, huku analia, alikuwa anakusanya vumbi lililomwagika. Nilimwuliza baadaye. Hakujua alifanya hivyo."

"Mkono ulifanya, kichwa kikiwa mbali."

"Ndiyo hivyo."

"Vumbi likishafagiwa huwekwa wapi?"

Alionyesha pembeni. Kasha la chuma lilikuwa limepigwa misumari sakafuni chini ya dirisha, halina tundu wala mwanya, lina kufuli moja. "Humo. Hufunguliwa mara moja kwa siku, baada ya kazi. Ufunguo ni mmoja katika kila karakana, na mwenye karakana hauvui kiunoni."

Linhart alilitikisa kufuli. Lilikuwa zima, halina mkwaruzo. Hakulazimisha. Alisimama, akapangusa magoti.

"Nina swali la mwisho. Jana hukusema kwamba Sebald alikuwa na adui."

"Jana mliniuliza kama nalia. Hamkuniuliza kitu kingine." Aliishusha sauti. "Jumamosi Sebald alikuja kwangu hana raha. Alikuwa amepewa na Fundi Wolf vikombe viwili vikubwa avisugue ving'ae, vile vinavyofunikana mdomo kwa mdomo, vya zawadi ya Baraza. Chini ya kimoja, kuizunguka chapa ya mji inayothibitisha fedha safi, aliona mstari mwembamba kama kovu."

"Maana yake?"

"Maana yake chapa haikuzaliwa pale. Imekatwa pamoja na kipande chake cha fedha safi kutoka kwenye kikombe kidogo kilichopimwa na kukubaliwa, ikalehemiwa chini ya kikombe kikubwa ambacho nusu yake ni shaba. Mimi nilimwambia anyamaze mpaka afaulu mtihani. Yeye akasema atamwuliza Fundi kwanza, kwa heshima, huenda kuna sababu. Kwa heshima!"

*

Fundi Wolf Kestner alikuwa ghorofani akila mchuzi wa bia na mkate. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, mmoja wa mafundi watatu walioapa mbele ya Baraza kuulinda usafi wa fedha ya mji. Alipowaona Linhart na Kunz hakuinuka, ila alisogeza kiti kwa mguu.

"Karibu, Bwana Haubner. Umekuja kununua, au umekuja kunusa?"

"Kunusa, Fundi. Mshahara wangu haununui hata kifuniko."

"Basi kunywa bia, pua itafunguka. Yule mchafu wa makaa ameshakiri?"

"Bado. Nina maswali machache ya kujazia karatasi. Jana asubuhi maiti ilipoonekana, uliingia karakana?"

"Sikuvuka kizingiti. Nilitazama, nikarudi nyuma, nikamwita askari. Mwulize huyo."

"Ni kweli, bwana," alisema Kunz.

"Na juzi?"

"Juzi niliondoka kabla ya jua kutua. Nilimwacha kijana anakwaruza. Nilikwenda kuonana na mkwe wangu, nikarudi kulala. Mara ya mwisho kuingia mle ni juzi mchana."

"Kasha la vumbi nalo?"

Kijiko kilisimama hewani kidogo, kisha kikaendelea mdomoni. "Kasha lina nini?"

"Mahakimu watauliza kama mwizi alilifikia."

"Hakulifikia. Ufunguo ni huu." Alipiga kiuno chake, na chuma kikalia. "Nalala nao. Mke wangu ananiambia, 'Wolf, ungenikumbatia mimi kama unavyoukumbatia ufunguo huo tungekuwa na watoto kumi.'"

"Hujamwazima mtu?"

"Hata Kaizari simwazimi."

"Na hujalifungua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu jioni. Jumanne sikulifungua, maana sikuwepo wakati wa kufunga kazi. Jana na leo mlango uko mikononi mwenu. Umeandika?"

"Nimeandika." Linhart aliugeuza ukurasa, akaonyesha. "Tafadhali weka alama yako hapo chini, ili nisikusumbue tena."

Fundi alifuta vidole, akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri. Linhart alipuliza wino ukauke, akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Sasa, Fundi, twende tulifungue kasha."

Waliteremka ngazi. Karakanani Bibi Barbara alikuwa ametandaza kitambaa cheupe mezani. Fundi Wolf alipomwona alitaka kurudi nyuma, lakini Kunz alikuwa nyuma yake, na Kunz alikuwa mpana. Fundi aliutia ufunguo kufulini, akaugeuza.

Linhart aliinua beseni la ndani, akalipeleka dirishani kwenye mwanga. Chini vumbi lilikuwa jeupe la kijivu, laini kama unga. Juu yake kulikuwa na tabaka jingine, kama mtama uliolowa ukakauka: madonge madonge, ya hudhurungi. Alilivunja donge moja kwa ukucha juu ya kitambaa. Ndani ya ile kutu chenga za fedha zilimeta.

"Hii ni damu ya Sebald Rösch," alisema, "na hii ni fedha ya kikombe chake. Iliingia humu juzi jioni, kwa ufunguo ambao hata Kaizari huwezi kumwazima. Umetia sahihi."

Fundi Wolf hakumtazama yeyote. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, ameigeuza viganja juu.

"Nilifagia?" aliuliza.

"Ulifagia, na mguu wa sungura ukautundika mahali pake."

"Naapa kwa mateso ya Kristo, sikumbuki kufagia. Nyundo naikumbuka. Kukipeleka kikombe kwenye banda la Ulz nakumbuka, hata mbwa aliyenibwekea namkumbuka. Kufagia…" Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za mgeni. "Kijana alikuja kwangu kwa adabu, amevua kofia. Alisema, 'Fundi, huenda nimeona vibaya.' Ningemwambia nini? Kwa chapa ya uongo wangenikata mkono, kisha kichwa."

"Ungemwambia ameona vibaya," alisema Bibi Barbara. "Angekuamini. Alikupenda, mzee wewe. Alikuwa akiniudhi kwa kukusifu."

Kisha akaanza kuyakusanya madonge yale yaliyoanguka kwenye kitambaa, moja moja, kwa ncha ya kidole, na Linhart hakumzuia.

*

Kengele ya adhuhuri ilikuwa bado. Linhart alipita sokoni karibu akimbie, beseni la vumbi likiwa kwapani kwa Kunz na Fundi Wolf amefungwa katikati ya askari wawili. Kwenye mlango wa shimo alimkuta mama mzee ameketi kwenye ngazi, ana mkate umefungwa kitambaani. Alikuwa Gerhaus, mama yake Ulz.

"Bwana, wameniambia mkate haupokewi sasa. Jana ulipokewa. Kwa nini leo haupokewi?"

Linhart aliijua sababu kabla hajamaliza kusikia swali. Aliteremka ngazi mbili mbili.

Chumba cha chini hakikuwa na dirisha. Taa mbili ziliwaka. Hakimu Paulus Reck alikuwa amesimama anavaa glavu zake, karani akipanga karatasi, na mnyongaji akingoja kando ya kamba. Ulz Dorn alikuwa ameketishwa kwenye benchi, ameegemezwa ukutani, shati limeteremshwa. Mikono yake ililala mapajani kama vitu alivyowekewa na mtu.

"Mlisema adhuhuri!" Linhart alisema.

"Tulisema hadi adhuhuri," alijibu Hakimu Reck. "Mwenzangu ana wageni mezani, tukaona tuanze mapema kidogo. Usikasirike, Haubner. Mara ya kwanza alikana, mara ya pili tukamwongezea jiwe miguuni, akakiri vizuri sana. Imeandikwa yote."

"Mwuaji ninaye juu ya ngazi. Amekiri bila kuguswa, na damu ya marehemu iko ndani ya kasha lake."

Hakimu aliacha kuvaa glavu. Alisikiliza habari yote, ya mguu wa sungura, ya ufunguo na ya sahihi, akatoka, akarudi baada ya muda mfupi, uso wake umebadilika rangi. "Sawa," alisema. "Lakini kukiri kwa huyu kumo kitabuni. Sheria unaijua. Lazima asomewe bila kamba, naye akane kwa kinywa chake na kutia alama. Asipokana, nina wauaji wawili wa mtu mmoja."

Karani alisoma. Alisoma upesi, na sauti yake iligonga kuta. Ulz alisikiliza macho yakiwa kwenye kamba iliyoning'inia darini.

"Je, uliyoyasema ni kweli?" karani aliuliza.

"Ni kweli, bwana."

"Ulz," alisema Linhart, akichuchumaa mbele yake. "Nisikilize, ndugu yangu. Aliyeua ni Fundi Wolf. Tumemkamata. Wewe sema tu hukuua, uende zako."

"Niliua mimi, bwana. Kwa nyundo. Andika ni mimi."

"Hakuna atakayekupandisha tena."

"Hata mara ya kwanza waliniambia hivyo. Waliniambia sema kweli na hutapandishwa. Nikasema kweli sikuua, wakanipandisha." Alizungumza taratibu, kama amwelezaye mtoto. "Sasa najua linalotakiwa. Ni mimi."

Linhart aliinuka, akamwambia mnyongaji aishushe kamba, na mnyongaji akamtazama hakimu, na hakimu akakubali kwa kichwa. Kamba ilishushwa, ikakunjwa, ikatolewa nje. Ulz aliifuata kwa macho mpaka mlangoni, kisha akayarudisha macho kwenye ndoano tupu ya darini.

"Ni mimi," alisema.

Ndipo Linhart alipomwita mama. Gerhaus aliteremka akishika ukuta, mkate ukiwa bado mkononi, akaketi kwenye benchi karibu na mwanawe, akalipandisha shati lake mabegani kwa uangalifu, upande mmoja kisha wa pili.

"Ulz, mwanangu, nimemwona Wolf kwa macho yangu, amefungwa minyororo. Wamemtemea mate sokoni. Sema hukuua, twende nyumbani."

Ulz alimgeukia. "Na wewe wamekufundisha cha kusema, mama?"

"Mimi? Nani wa kunifundisha mimi? Nimekuzaa mwenyewe, nimekunyonyesha mwenyewe, na siku ulipoiba yai la jirani nilikuchapa mwenyewe. Nikikwambia sema, sema!"

Kwa mara ya kwanza kitu kilisogea usoni mwa mtu yule. Midomo yake iliachana. Alitazama mlango, akatazama ndoano, akamtazama mama yake tena.

"Sikuua," alisema kwa sauti ndogo sana.

"Kwa nguvu," alisema karani. "Lazima hakimu asikie."

"Sikuua. Nilipeleka makaa."

Kalamu ya karani ilikwaruza karatasi. Alipomaliza aliigeuza karatasi, akaisogeza kwenye benchi, akachovya kalamu wino, akaishikilia mbele ya Ulz. "Alama hapa. Msalaba unatosha. Lakini uwe wa mkono wake mwenyewe."

Ulz aliitazama kalamu. Hakusogea.

"Wino unakauka," alisema Hakimu Reck.

Gerhaus aliuweka mkate kando. Aliuchukua mkono wa kulia wa mwanawe kutoka pajani, akauinua, akaipenyeza kalamu kati ya vidole. Vidole vilifunguka, kalamu ikaanguka, ikaacha doa kwenye goti lake. Linhart aliiokota. Mama aliukamata mkono ule tena, safari hii kwa mikono yake yote miwili, akavifumba vidole vyeusi vya makaa ndani ya vyake na kuvibana mpaka kucha zake zikawa nyeupe.

Ulz alikuwa akiitazama karatasi, anangoja kwa subira.

"Basi ushike mkono wangu, mama," alisema. "Mbona huushiki?"